Msamaha wa Kosa Usilolifanya

Saumu mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, nakusikia ukiburuta sanduku sakafuni, ukilifunga, ukilifungua tena kutia kitu ulichosahau. Kati yetu pana ukuta wa mbao na pazia. Ningeweza kukuita. Nimekuita mara nyingi tangu mwezi wa nane, na kila nikikuita unakuja, unasimama mlangoni, unasema "Yes, Ma," unafanya ninalokuomba, unaondoka. Mtoto mwenye adabu kupita kiasi huyo, na mimi nimechoka na adabu zako. Ndiyo maana naandika.

Ni Jumapili, saa tisa imepita. Cherehani imefunikwa. Jua limeingia dirishani na kulala sakafuni hapa miguuni kwangu, na kule juu ya taa za Ellis Park mawingu yameanza kupandiana, ile mvua ya Januari isiyokosa ahadi. Mtaa wetu wote wa Bertrams umesinzia. Hata redio ya jirani inaimba kwa uvivu. Saa kama hizi kichwa changu hakikai mahali pamoja, kinatoka kidogo, kinarudi, na nikikiuliza kilikuwa wapi nakuta kilikuwa uwanjani na wewe.

Sitakuandikia habari za blanketi wala dawa ya kikohozi. Umeshafungasha, na basi la kukupeleka chuo kikuu linaondoka Park Station saa ngapi unajua kuliko mimi. Nilipotoka Tanga mama yangu alinipa maagizo ya siku nzima, na kwa haki ya Mungu sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni mahali alipokosea. Basi na mimi nakupa kosa langu mapema, usije ukalitafuta peke yako baadaye.

Najua unasoma Kiswahili polepole, ukisogeza midomo, kama walivyokufundisha madrasa. Nimekusudia. Nataka usome polepole, kwa sababu kuna jambo kuhusu ile mechi sijakuambia, na ukipanda basi kesho bila kulijua, naogopa utakuwa umeondoka kweli.

Hebu twende uwanjani kwanza.

Unakumbuka nilivyokuwa nauchekea mchezo wako wa hoki. Nilipompigia simu bibi yako nikamwambia mjukuu wake amekuwa hodari wa gongo, aliuliza kama mtoto anakunywa au anauza. Ilibidi nimweleze kuwa gongo hili ni la mti, la kupigia mpira, na wasichana wa shule huvaa sketi fupi wakakimbizana nao. Akasema afadhali angekuwa anauza. Lakini mimi niliupenda, Saumu. Nilipenda ule uwanja wa buluu wanaoumwagia maji kabla ya mchezo ili mpira uteleze, na nyinyi mkikimbia maji yanaruka nyuma ya visigino vyenu. Jua la alasiri ya baridi lilikuwa limeinama. Nilikaa safu ya tatu na Mama Furaha, ambaye alifunga saluni yake kwa ajili yako, na saluni hiyo haifungi hata kwa msiba. Nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote walioko Johannesburg.

Halafu mchezo ukachafuka. Yule namba tisa wao, msichana mrefu mwenye msuko wa rangi ya mahindi, alimtia Nomsa gongo miguuni, Nomsa akaanguka kifudifudi. Mwamuzi akatoa kadi ya kijani, dakika mbili nje. Namba tisa aliporudi, Nomsa, nahodha wenu na rafiki yako wa tangu darasa la saba, akampiga kiwiko cha ubavu akidhani hakuna aonaye. Kadi ya njano, dakika tano. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki kando ya meza ya waamuzi, akitikisa goti, na nilimwona anavyomtazama mwenzake. Baadaye nawe ukapewa ya kijani kwa kumpigia mwamuzi kelele. Nikajifanya nimekasirika. Ukweli nilifurahi, maana kiti kile kilikuwa upande wetu. Ulikunywa maji, ukanitafuta kwa macho, ukanipungia mkono. Dakika mbili ulikuwa karibu, hukimbii, hakuna mtu anakufuata na gongo. Nilitamani mwamuzi asahau saa yake.

Zilibaki dakika chache, tuko sare ya bao moja kwa moja, mpira ukatoka pembeni, chini kabisa ya pale tulipokaa. Namba tisa akamkanyaga Nomsa. Nomsa akamsukuma. Wote wakaja mbio, wenu na wao, na mwamuzi alikuwa kule kwingine anapuliza filimbi akikimbia. Na hapa ndipo nataka usome polepole.

Nilikuona ukilitupa gongo lako. Niliona lilipoangukia, juu ya ule mstari mweupe, na likabaki pale. Ukaingia katikati mikono mitupu, ukamshika namba tisa kiunoni kwa nyuma, mikono yote miwili, ukamvuta umtoe. Ulikuwa unasema naye, midomo yako ilikuwa sikioni mwake. Na gongo la Nomsa likaja juu ya bega lako la kulia. Halikukugusa. Lilimpata yule mtoto mdomoni, na damu ikadondoka kwenye maji, ikasambaa. Nomsa akarudi nyuma, akachanganyika na wenzake. Mwamuzi akafika, akatazama, akakuta damu, akakuta magongo yametapakaa chini, akakuta wewe umemkumbatia aliyeumia. Akainua nyekundu.

Niliona yote, mwanangu. Nilikuwa safu ya tatu, jua liko mgongoni kwangu, na macho yangu unayajua, hutunga uzi bila miwani.

Miezi mitano hii umedhani mama yako aliamini kwamba umempiga mtu. Umenihesabia ujinga. Nimekuacha unihesabie ujinga kwa sababu ulikuwa mwepesi kuliko ukweli, na ukweli ni kwamba nilijua hukupiga, nikaenda mbele ya watu nikasema umepiga.

Tulipofika nyumbani ulioga, ukaja ukakaa kitandani kwangu na taulo kichwani. Ukasema, "Mama, Wednesday kuna kikao cha nidhamu. Wanataka mzazi awepo. Wewe kaa tu, kocha ndiye ataongea. Red ya kawaida ni mechi mbili, tatu, basi. Please, usiseme kitu. Usiseme sorry. Sharp?"

Nikakubali, "Sharp."

Sikukuuliza kwa nini humtaji Nomsa. Nilielewa. Nikakuvua taulo nikakukausha nywele, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kunikubalia nikushike kichwa.

Jumanne nikaenda kwa yule Mzanzibari kununua halua. Mama Furaha akanikuta naifunga kwenye karatasi ya kumetameta, akasimama na kitana chake mkononi.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mama wa yule mtoto aliyeumia."

"Juu ya nini unaenda kuomba pardon? Mutoto hakupiga mutu. Njo ule mwenzake alipiga. Mi niliona, na weye uliona."

"Si kwa sababu amepiga," nikamwambia. "Ni heshima tu. Kwetu ndivyo mambo yanavyokwisha."

"Kwenu ni mbali, ma chère," akasema. "Hapa banaandika."

Nilimwona hajui kitu. Mwanamke wa Bukavu atanifundisha mimi adabu za pwani? Nikaendelea kufunga halua yangu.

Lazima nikueleze kwetu ni vipi, maana hukukulia kule. Kwetu Tanga, mtaani kwetu, watoto wakipigana, mzazi anayewahi kwenda kutaka radhi ndiye mwenye heshima. Hakuna anayeuliza nani kaanza. Anakwenda na kitu kidogo mkononi, anasema mtoto wangu kamkosea mtoto wako, na mwenzake anajibu yaishe. Inaletwa kahawa, watu wanaulizana habari za wagonjwa, na jioni watoto wanacheza tena. Nimeliona likifanya kazi mara nyingi, na sitalitukana leo. Ni jambo jema lililonilea.

Lakini mjomba wako Kassim alipokuwa na miaka tisa aling'atwa na mtoto wa jirani. Aling'atwa mkononi, meno yakabaki yamejichora duara. Mama yangu akamchukua kwa mkono uleule akampeleka kwao kuomba radhi, kwa sababu mama wa yule mtoto alikuwa mkali na mama yangu alitaka kumwahi. Na mimi nilikwenda nao. Kassim akaambiwa aseme nisamehe, akasema. Akapewa kikombe cha chai, akakishika kwa mkono wenye alama za meno, akanywa yote. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Ule uso wake niliuona, na bado nilikua, nikawa mama, nikausahau.

Niliukumbuka Jumatano ile, saa nane na kitu, katika chumba chenye meza ndefu na jagi la maji.

Walikuwa watu wanne, na mwenyekiti wao yule bwana wa sauti ya taratibu. Kocha wako amevaa tai. Nomsa amekaa nyuma, anatazama viatu vyake. Namba tisa alikuwepo na mdomo wake uliovimba, nyuzi tatu, na nitakuambia kitu, hakuonekana mrefu tena. Alikuwa mtoto wa mtu. Mama yake alikuwa amelia. Nikamwona yule mama, na miguu yangu ikasimama yenyewe kabla sijaitwa.

Nikasema, kwa hiki Kiingereza changu cha kupimia watu nguo: samahani mama, samahani sana kwa mkono wa mwanangu, ni mtoto, alipandwa na hasira, naomba yaishe. Nikampa halua. Akaipokea kwa mikono miwili, akanikumbatia, akanilowesha bega kwa machozi. Kwa dakika moja nilijiona nimeshinda. Nilingoja mtu alete kahawa.

Badala ya kahawa nikasikia kalamu inaandika. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza polepole, ili nielewe, kama ninakubali kwamba binti yangu ndiye aliyepiga.

Ndipo ukageuka ukanitazama. Ulikuwa na uso wa Kassim. Na bado nafasi ilikuwepo, Saumu, hilo ndilo linaloniumiza. Hakuna aliyenikaba. Nilikuwa na neno "hapana" mdomoni, fupi, hata Kiingereza chake nakijua tangu siku ya kwanza. Nikamtazama yule mama bado ameshika halua yangu, nikaona aibu kumvunjia amani aliyoipata. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Ukafungiwa mwaka mmoja usicheze mechi yoyote ya ligi, na jina lako likakatwa kwenye orodha ya watakaojaribiwa timu ya jimbo. Jina ulilolipigania tangu una miaka kumi na mitatu, ukiamka gizani wakati wa baridi, vidole vimekufa ganzi. Nililikata mimi kwa kichwa changu, juu chini mara moja.

Pale nje kwenye korido hukupiga kelele. Ulisema, "Umenipa kwao, Mama. Just like that." Ukatembea mbele yangu mpaka nyumbani. Tangu siku ile hujanisemesha neno la Kiswahili.

Mvua imeanza. Matone makubwa, machache, yanapiga bati la jirani. Nasikia umesimama kwenda dirishani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanyoosha mkono nje ulowe, kisha unanipaka usoni.

Sasa nitakuambia ya Alexandra, kule tulikoishi ulipokuwa mchanga. Nimekuwa nikikukatia kila ulipouliza, na ninayakuambia sasa si kwa kujitetea. Kisingizio si maelezo, na mimi nataka uwe na maelezo.

Tulikuwa na chumba kimoja kule, baba yako, mimi na wewe. Ulikuwa na mwaka na miezi minane. Ulikuwa mwezi wa tano, baridi imeanza, na mtaani walikuwa wanawafukuza wageni. Siku hiyo baba yako alikuwa kazini, na njia zilikuwa zimefungwa, hakuweza kurudi. Walikuja mlangoni watu saba au wanane. Mmoja nilimfahamu, alikuwa akiniuzia mafuta ya taa, na kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana. Wewe nilikuwa nimekufunga mgongoni kwa kanga na kukuwekea blanketi. Wakaniambia nitoke. Nikaanza kusema "Ngiyaxolisa." Samahani, kwa lugha yao, ndilo neno nililokuwa nalitamka vizuri. Ngiyaxolisa kwa kuwa hapa. Ngiyaxolisa kwa chumba. Ngiyaxolisa, ngiyaxolisa, sijui mara ngapi, na wewe mgongoni ukaanza kulirudia, kwa sauti yako ya kitoto, ukidhani ni wimbo. Yule wa mafuta ya taa akatazama chini. Akasogea pembeni. Nikapita katikati yao na mfuko mmoja, kiatu chako cha kushoto kikadondoka na sikugeuka.

Tulilala kwenye uwanja wa kituo cha polisi, kisha kwenye mahema. Baba yako alitupata siku ya tatu. Baada ya hapo alirudi Tanga na hakuweza tena kurudi huku, na simlaumu. Mimi nikabaki, kwa ubishi tu, nikahamia huku Bertrams.

Neno lile lilitutoa mlangoni tukiwa hai. Nikaliamini. Nikawa nalisema kila mlango, hata uliokuwa wazi. Nimemwomba msamaha dereva aliyenikosakosa kwenye robot, hizi taa za barabarani, wakati ya kijani ilikuwa yangu. Nimemwomba msamaha mwenye kiduka cha spaza aliyeniuzia mkate wenye ukungu. Ulipokuwa na miaka saba tulitoka kliniki, ukanishika mkono, ukaniuliza, "Mama, kwani umefanya nini?" Nikakuambia sijafanya kitu. Ukasema, "Sasa mbona sorry kila siku?" Nikacheka. Nilikununulia ndizi ili unyamaze, na ukanyamaza, lakini swali ulilibeba. Ukakua ukawa msichana asiyeinama. Nilijivunia na kuogopa, siku moja hivi, siku nyingine vile, na Jumatano ile hofu ndiyo iliyosimama kwanza.

Mimi ndiye niliyelitoa neno la Alexandra, nikaenda nalo mahali ambapo hakuna aliyekuwa anakuja kutuua. Palikuwa na watu wanne tu, jagi la maji na karatasi. Walikuwa wanauliza swali, wanataka jibu. Mtu akishaogopa sana mara moja, Saumu, hatambui tena siku ambayo haihitaji hofu. Hili nimelijua kwa kuchelewa na limekugharimu wewe.

Tangu mwezi wa nane naota ule uwanja. Ni wa buluu, umemwagiwa maji, hauna mtu. Mimi nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, nimevaa gauni langu la kushonea, sindano ziko kifuani. Mwamuzi amesimama na saa yake. Namuuliza nimepewa dakika ngapi, hanijibu. Simwogopi, wala sisikii vibaya, naona maji yanameta tu na najua wewe uko upande mwingine unangoja niingie. Nikiamka nasikia unavyopumua ng'ambo ya pazia. Usiku mmoja nilikaribia kukuamsha. Nikaogopa utaniambia "Yes, Ma."

Alhamisi iliyopita nikavaa lile gauni la kahawia, nikakuambia naenda mtaa wa Observatory kumpelekea mteja mapazia. Sikwenda Observatory. Nilikwenda kwa yule mwenyekiti. Alinikumbuka upesi, akasema halua ilikuwa tamu sana. Nikakaa. Nikamwambia nilisema uongo mbele yake. Nikamwambia nilikaa safu ya tatu, niliona gongo la mwanangu liko chini, niliona mikono yake yote miwili kiunoni mwa yule mtoto. Mwanangu hakupiga.

Aliandika. Kisha akaweka kalamu. "Sasa nani alipiga, mama?"

Nilikuwa ninajua. Nilikuwa na jina la Nomsa mdomoni, na ningelisema pengine angeinua simu palepale. Nikakufikiria. Miezi mitano umekaa nje ya mchezo unaoupenda kuliko chakula, na hujalitaja jina lile hata kwangu. Nilishasema kwa niaba yako mara moja. Nikamjibu, "Hilo si langu kusema. Mimi nimekuja kusema la mwanangu."

Akavuta pumzi. Akanieleza kwa upole kwamba kwa hayo tu hawezi kubadili uamuzi, ila atayaweka kwenye faili, na nitie sahihi. Nikatia. Akaongeza kwamba mimi sasa nimewaweka kwenye hali ngumu sana. Na lile neno likaja, mwanangu. Lilipanda mpaka kwenye ulimi, nikalionja kabisa. Nikalimeza. Nikachukua mkoba wangu nikasema, "Mchana mwema." Kwenye ngazi nikakaa kidogo, mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo sijakuletea ushindi. Adhabu iko palepale mpaka Agosti, na kule unakokwenda utafanya mazoezi na wenzako na siku ya mechi utawatazama. Nilichokuletea ni karatasi moja kwenye faili inayosema hukupiga, na chini yake jina langu.

Kuhusu Nomsa sikufundishi kitu. Mimi nilisema lisilokuwapo, wewe ukanyamazia lililokuwapo, na kati yetu wawili sioni haya kusema wewe ndiye mkubwa. Ila nakuomba uuchunguze huo ukimya mara kwa mara, kama bado ni wako, kama bado unaupenda. Siku ukiona umekuwa mzito na umeubeba kwa mazoea tu, uweke chini. Mimi nilibeba lile neno langu la samahani miaka kumi na saba nikidhani ni tabia njema.

Nakupenda. Nilisahau kulisema kwa sababu nilikuwa naliona liko wazi, ninakupikia, ninakufulia, ninakushonea. Nakupenda na nitakukosa mpaka nichukie hii nyumba. Hilo nalo ulijue kabla ya basi.

Kesho asubuhi, ndivyo nilivyokulea, utakuja na sanduku lako, utashika mkono wangu uuinamie, uniombe radhi ya safari. Utalifanya hata kama moyo hautaki, nakujua. Radhi zangu unazo, Saumu, tangu siku uliyozaliwa, hakuna mahali unaweza kwenda ukazipoteza. Kwa hiyo kesho usiharakishe. Weka sanduku chini, usimame wima, uache mimi nianze. Nitapiga magoti hapa kwenye mlango wa pazia, na nitakuomba wewe radhi, kwa Kiswahili, kwa kosa ambalo safari hii ni langu kweli.

Usiniinue kwa haraka kwa kuona haya. Wala usinijibu kwa adabu. Nijibu ukweli, hata ukiwa "bado".

Mama yako,
niliyeona.